Damu Iliyofichwa

Daktari alimwuliza Baba Mkubwa wetu swali moja tu: "Mzee, tangu lini unaona damu katika choo?"

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019, hapa Kolwezi. Mzee alikuwa amelala kitandani, tumbo limemvimba kama ngoma. Kwa siku 4 hakupata choo wala upepo. Hakumjibu daktari upesi. Alimtazama kwanza Mama Mkubwa, aliyesimama karibu na dirisha ameshika kitambaa, kisha akaugeukia ukuta akasema: "Ni siku nyingi."

Mama akauliza: "Siku nyingi gani?"

Walikuwa wameoana miaka 37. Alimfulia nguo, alimpikia bukari, alimzalia watoto 7, na wala hakujua kwamba mumewe alikuwa akitokwa na damu tangu mwaka 2017. Msala wetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Manika na Dilala, uko nje, nyuma ya nyumba. Mtu huingia peke yake na kutoka peke yake, na yale aliyoyaona humo huyaacha humo humo.

Tunaliandika jambo hili kwa ruhusa ya Mama Mkubwa mwenyewe. Alituambia: "Andika, mwanangu. Jina tu usilitaje."

Mzee alipasuliwa usiku ule ule. Katika utumbo mpana palikuwa na uvimbe uliokwisha kuziba njia kabisa, na ini lilikuwa na madoa ya ugonjwa ule ule. Ilikuwa kansa. Madaktari walimfungulia njia nyingine ya kutolea choo ubavuni, na kwa hiyo akapata nafuu ya maumivu. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwenda mbali. Tulimzika mwezi wa Novemba. Alikuwa na miaka 63.

Baada ya mazishi ndipo tulipoanza kuokota habari moja moja, tukatambua kwamba Baba Mkubwa hakunyamaza kabisa. Alikuwa amekwenda katika kituo kidogo cha afya mara 3 kwa siri. Mara ya kwanza alisema anaumwa tumbo, wakampima choo, wakamwambia ana amiba. Akapewa vidonge, damu ikakatika muda wa wiki 2, kisha ikarudi. Mara ya pili alipewa dawa ya minyoo. Mara ya tatu walipima choo tena wakamwambia: "Mzee, hatuoni kitu." Akarudi nyumbani amefurahi! Rafiki yake mmoja anakumbuka kwamba siku ile alimnunulia chupa ya bia akimwambia kuwa choo chake ni safi. Mwaka mzima baada ya hapo alitegemea neno lile. Alikunywa mizizi, akajipiga bomba la majani machungu kwa njia ya haja kubwa, na damu ilipozidi akajisemea kuwa ni bawasiri tu, ugonjwa wa watu waliokaa sana juu ya mitambo ya mgodi.

Wasomaji wapendwa, hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana kosa hili si la mzee wetu peke yake. Sisi wenyewe, tuliosoma miaka mingi na kufundisha wengine elimu ya viumbe, hatukujua.

Watu wengi husema "nilipimwa choo," kana kwamba kipimo ni kimoja. Kumbe viko vipimo vya namna mbalimbali! Kile kinachofanywa kila siku katika vituo vyetu ni cha hadubini: mpimaji huchukua choo kidogo, hukiweka juu ya kioo, naye hutafuta amiba, mayai ya minyoo, na mayai ya kichocho. Ni kazi njema, na katika nchi yetu ni ya lazima. Lakini kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kutafuta kansa. Mpimaji akisema "sioni kitu," maana yake ni kwamba haoni mdudu wala yai. Hasemi kwamba utumbo ni mzima. Kipimo cha pili ni cha kutafuta damu iliyofichwa, yaani damu iliyo kidogo mno hata jicho haliwezi kuiona katika choo. Hicho Baba Mkubwa hakupimwa kamwe, wala hakuna aliyemtia kidole kumkagua, wala hakuna aliyemwuliza swali lile ambalo daktari alimwuliza siku ya mwisho. Wala yeye hakulisema.

Kwa nini itafutwe damu? Kansa ya utumbo mpana haiji kwa ghafula kama malaria. Mara nyingi huanza kama kivimbe kidogo ndani ya utumbo, mfano wa uyoga mdogo uliota ukutani. Madaktari hukiita polipi. Polipi nyingi hazidhuru. Chache hukua polepole, na kwa kawaida hupita miaka kama 10, au zaidi, kabla mojawapo haijageuka kuwa kansa. Katika muda huo mrefu mtu hula, hufanya kazi, hucheza ngoma harusini, wala haoni maumivu yoyote. Lakini kivimbe kikikwaruzwa na choo kinachopita, hutoa damu, leo tone moja, kesho hakuna, wiki ijayo matone 2. Polipi ikionekana wakati huo, daktari huweza kuikata kwa chombo kile kile alichoitazamia, bila kumpasua mtu tumbo. Hata ikiwa imekwisha kuwa kansa, bado kuna tofauti kubwa kati ya kuwahi na kuchelewa. Hesabu za Marekani zaonyesha kwamba ugonjwa ukigunduliwa ukiwa bado ndani ya utumbo tu, watu kama 9 katika 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukiwa umekwisha kufika mbali, kama ini au mapafu, hawafiki 2 katika 10.

Sasa mtu wa Kolwezi atatuuliza, naye ana haki: je, kila atokwaye na damu ana kansa? Hasha. Katika nchi yetu ya Lualaba damu katika choo ina baba wengi. Kuna amiba. Kuna kichocho cha matumbo, kinachowapata watoto na wavuvi wanaoingia katika maji ya vijito na maziwa. Kuna safura, ile minyoo midogo inayong'ata utumbo na kunyonya damu hata mtu akawa mweupe viganjani. Kuna bawasiri, kuna michubuko ya choo kigumu. Kwa kijana mwenye kuhara damu na homa, ni haki kabisa kutafuta amiba na wadudu wengine kwanza. Twasema tu kwamba dawa ya amiba iwe na mwisho wake. Ikiwa mtu amemaliza dawa sawasawa na damu ikarudi, haifai kurudia dawa ile ile mara ya pili na ya tatu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Yapasa kutafuta mahali pengine. Na mtu aliyepita miaka 45 au 50, damu yake isisingiziwe bawasiri kabla hajakaguliwa, kwa sababu mtu aweza kuwa na bawasiri na kansa pamoja.

Dalili nyingine husahauliwa kwa sababu hazitishi. Mtu aliyezoea kupata choo kila asubuhi anaanza kufunga choo, kisha anahara, kisha anafunga tena, na hali hiyo inaendelea wiki nyingi. Choo kinakuwa chembamba. Anatoka msalani akiona kwamba bado hajamaliza. Anakonda bila sababu, mkanda unahitaji tundu jipya. Au anachoka tu, anapanda kilima kidogo na kuhema, na akipimwa anaambiwa damu yake ni pungufu. Mwanamume mzima, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akiwa na upungufu wa damu wa kukosa chuma, haitoshi kumpa vidonge vya chuma na kumrudisha nyumbani; damu hiyo inapotelea mahali, na mahali hapo patafutwe. Hata vijana wasijione salama kabisa. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Marekani aliyecheza mfalme wa Wakanda katika filamu, alikufa kwa kansa hii mwezi wa Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na alikuwa ameugua miaka 4 bila kuutangazia ulimwengu.

Watu wengine watasema kwamba hizi ni habari za Marekani, na kwamba kansa ya matumbo ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno hayo yana historia yake. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko karibu miaka 20, zaidi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile kansa ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Alistaajabu kuona kwamba ugonjwa wa utumbo mpana, ambao Ulaya uliwaua watu wengi, kule Uganda ulikuwa haba sana, akafikiri sababu ni chakula: mtu wa kijijini alikula mboga, maharagwe na nafaka zenye makapi mengi, na choo chake hakikukaa siku nyingi tumboni. Mwaka 1971 aliyaandika mawazo hayo, nayo yakasifiwa duniani kote. Hakukosea katika yale aliyoyaona. Lakini miaka haikusimama. Orodha ya wagonjwa wa kansa, inayotunzwa Kampala tangu miaka ya 1950, inaonyesha kwamba kansa ya utumbo mpana imeongezeka huko huko alikokuwa Burkitt. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, wamehamia mijini, wamebadili meza. Tazameni hapa kwetu: sombe na lengalenga zimekuwa chakula cha mwisho wa mwezi, na mshahara ukitoka ni mkate mweupe, soseji, nyama ya kuchoma na bia. Umri mkubwa, kansa katika ukoo, unene, pombe, tumbaku, nyama nyekundu nyingi na nyama za viwandani, hayo ndiyo yanayojulikana kumwongezea mtu hatari. Vumbi la migodi lina ubaya wake, nasi tunalikohoa kila kiangazi. Lakini halimo katika orodha hiyo, na tusilitupie kila jeneza linalotoka Kolwezi.

Mwaka 2022 dunia nzima ilipata wagonjwa wapya wa kansa hii zaidi ya milioni 1.9, na watu kama 900,000 walikufa kwa ajili yake.

Basi, kipimo cha damu iliyofichwa kikoje? Cha zamani kilitumia utomvu wa mti uitwao guayako, uliopakwa katika karatasi; choo kikiwa na damu, karatasi iligeuka buluu baada ya kutiwa dawa. Mwaka 1993 wataalamu wa Minnesota, Marekani, walitoa habari za watu zaidi ya 46,000 waliofuatwa miaka 13: miongoni mwa wale waliopimwa kila mwaka, vifo vya kansa hii vilipungua kwa theluthi moja. Kwa karatasi tu! Lakini karatasi ile ilikuwa na udhaifu: iliweza kudanganywa na damu ya nyama aliyokula mtu jana yake. Kipimo cha sasa hutafuta himoglobini ya binadamu peke yake, kwa hiyo nyama ya ng'ombe haikisumbui, wala hakuna haja ya kufunga chakula.

Namna ya kukifanya si ngumu. Mtu hutandika karatasi safi au jani la mgomba ili choo kisiangukie majini wala kisichanganyike na mkojo. Hufungua kichupa alichopewa, kilicho na kijiti kwenye kifuniko. Hukichomeka kijiti katika choo sehemu kadhaa, kiasi cha kufunika ncha tu, hukirudisha, hufunga, huandika jina na tarehe. Kichupa kisiachwe juani wala kisikae nyumbani siku nyingi, maana joto huiharibu damu na kipimo kitasema uongo. Mama asipime akiwa katika hedhi. Uingereza hutuma vichupa hivyo kwa posta mpaka nyumbani. Walianza na karatasi mwaka 2006, wakapokea kipimo kipya mwaka 2019. Kenya nayo ilikitaja katika mwongozo wake wa uchunguzi wa kansa wa mwaka 2018. Kwetu hakuna barua inayokuja mlangoni. Mtu hana budi kukiuliza mwenyewe kwa daktari au katika maabara, na akiulize kwa jina lake: kipimo cha damu iliyofichwa katika choo, si kipimo cha minyoo.

Yafaa kuelewa pia jibu lake. Damu ikionekana, si kusema kwamba kansa imeonekana. Yaweza kuwa safura au kichocho, tena kwetu zaidi kuliko Ulaya. Maana yake ni "tazameni ndani." Na damu isipoonekana, jibu hilo si cheti cha maisha. Vivimbe vingine havitoi damu siku ile, kwa hiyo wale wasio na dalili hurudia kipimo kila mwaka au kila miaka 2, na mwenye dalili zisizokwisha arudi kwa daktari hata kama jibu lilikuwa jema. Uingereza penyewe, madaktari hukitumia kipimo hiki kwa watu wenye dalili ili kuchagua nani atangulie kutazamwa. Mpaka wao ni mikrogramu 10 za himoglobini katika gramu 1 ya choo. Nasi tunafikiri, ingawa si madaktari, kwamba nchi yenye vyombo vichache yahitaji kuchagua hivyo kuliko nchi yenye vingi. Maana chombo cha kutazamia ndani, ule mpira mrefu mwembamba wenye taa na kamera, hakipo katika kila hospitali ya Kongo. Wengi hulazimika kusafiri, na safari ina nauli, na nauli ni faranga za ada ya watoto.

Lakini kidole cha daktari kipo kila mahali. Tunaomba radhi kwa kulisema wazi katika gazeti linalosomwa mezani pamoja na watoto. Vivimbe vingine viko chini kabisa, karibu na mlango wa haja kubwa, na daktari huweza kuvigusa kwa kidole kilichovikwa mpira, kwa dakika moja, bila umeme. Wanaume wetu wengi hukataa. Husema ni aibu, ni jambo la kumshusha mtu mzima. Tumewasikia kwa masikio yetu, nao ni watu wanaoshuka shimoni bila hofu.

Kwa hao tungependa kumkumbusha Papa Yohane Paulo II. Wazee wa Katanga wanamjua. Alifika Lubumbashi mwezi wa Agosti 1985, na wengine walitoka Kolwezi kwenda kumwona. Jumapili tarehe 12 Julai 1992, baada ya sala ya Malaika wa Bwana, aliwaambia watu waliokusanyika uwanjani Roma kwamba jioni ile angeingia hospitali ya Gemelli kupimwa, akawaomba wamwombee. Alikuwa na miaka 72. Siku 3 baadaye alipasuliwa, wakatoa katika utumbo wake mpana uvimbe mkubwa kama chungwa. Ulikuwa bado ni wa aina ile ya polipi, seli zake zimeanza tu kubadilika. Aliishi hadi tarehe 2 Aprili 2005, karibu miaka 13 zaidi. Tumbo la Papa lilitajwa mbele ya dunia nzima; tumbo la Baba Mkubwa halikutajwa hata kwa mke wake.

Mwaka 2024 mtoto wake wa kwanza, ambaye sisi humwita Yaya, alitimiza miaka 46. Mtu ambaye baba yake, mama yake au ndugu yake wa tumbo moja alipata kansa hii ana hatari zaidi kuliko wengine, na katika nchi nyingi hushauriwa aanze kuchunguzwa tangu miaka 40. Tulimwambia hivyo mara 3, naye mara 3 alituuliza habari za shule. Mwishowe ni Mama Mkubwa aliyemwita ndani, akafunga mlango. Hatukuyasikia maneno yao. Jumatatu Yaya alikwenda kwa daktari, na baada ya siku chache alipita kwetu asubuhi na mapema na kichupa kimefungwa katika gazeti ndani ya mfuko wa shati, akituomba tumsindikize maabara, kwa kuwa aliona haya kukitoa peke yake mbele ya yule binti mpimaji. Binti alikipokea kama anavyopokea kitu chochote, akaandika namba, akasema: "Baba, urudi Alhamisi."

Jibu lilionyesha damu. Walimtibu kwanza kichocho, maana nacho kilionekana. Wakarudia kipimo, damu ikabaki. Ukoo ulichanga, Yaya akasafiri hadi Lubumbashi. Siku mbili kabla ya kutazamwa hakula ila vyakula laini na mchuzi, na usiku wa mwisho alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, ambayo anasema ndiyo adhabu ya kweli. Kamera yenyewe haikumsumbua sana. Walikuta polipi 2. Kubwa ilikuwa kama punje ya maharagwe. Zote zilikatwa siku ile ile, zikapelekwa kuchunguzwa, na hazikuwa bado kansa.

Aliporudi, Mama Mkubwa aliwakusanya watoto wake wote 7, wa kiume na wa kike, chini ya mwembe, akamwambia Yaya aeleze kila kitu, hata habari za kidole. Wadogo walicheka, kisha wakaacha kucheka. Dada yake wa pili, mwenye miaka 43, aliuliza kipimo kile ni faranga ngapi. Yaya amepewa tarehe ya kutazamwa tena mwaka 2027. Ameiandika kwa kalamu nyekundu juu ya mlango wa msala, kwa upande wa ndani.